Chakula Kinachomdhuru Mtoto Mchanga Tumboni

Mwezi huu twataka kuzungumza nanyi habari ya ugonjwa ambao hauwapati watoto wengi, walakini nyumba ukiiingia huacha machozi. Humtesa mtoto, huwatatanisha waganga, tena humtia mama katika vinywa vya majirani. Hatuandiki ili kuwatia hofu wenye watoto wazima. Twaandika kwa sababu mtu wa kwanza awezaye kuutambua ugonjwa huu si daktari, bali ni yule ashikaye kijiko. Na mtu hawezi kutambua jambo ambalo hajapata kulisikia.

Na tumfikiri mama mmoja, awe mfano wa wengi. Mwanawe ametimiza miezi sita. Amemnyonyesha vema, mtoto ana afya, na wauguzi wa kliniki wamemwambia kwamba sasa ni wakati wa kumwonjesha vyakula, huku akiendelea kunyonya. Mama huyu achagua chakula kilicho laini kupita vyote, yaani uji wa mchele, ule ule tuwapao wagonjwa wasioweza kula kitu kingine. Siku ya kwanza mtoto ala vijiko viwili, wala hakuna neno. Baada ya siku chache ampa bakuli dogo saa tatu ya asubuhi. Mtoto acheza, kisha alala. Ilipofika saa tano aamka na kutapika. Atapika tena, na tena, hata mara ya sita na ya nane, mpaka tumboni hamna kitu kilichosalia ila povu. Rangi ya uso yampotea akawa kama majivu, mikono yalegea kama nguo iliyolowa maji, na akiitwa hainui kichwa. Jioni aharisha. Na kesho yake asubuhi acheka, ataka kubebwa, kana kwamba jana haikuwako.

Je, watu watasemaje? Mmoja atasema uji ulichacha, au sufuria haikuoshwa. Wa pili atasema ni mchango, akaleta dawa yake ya kuchemsha. Wa tatu atakumbuka mgeni aliyepita jana akamsifu mtoto, naye atasema ni jicho. Mwingine atadhani ni malaria, amnyweshe dawa bila kumpima damu. Hapo ndipo penye mtego. Kwa kuwa ugonjwa wenyewe huisha baada ya saa chache au siku moja, kila dawa iliyotumika jioni ile huonekana imeponya. Aliyeleta mizizi hujisifu, aliyemwaga maji mlangoni hujisifu, na kila mmoja ana shahidi wake, naye ni mtoto anayecheka. Baada ya juma moja mama ataka kumrudishia mwanawe nguvu, ampikia tena uji wa mchele, na mambo yale yale yatokea baada ya saa mbili.

Mama mwenye kuangalia saa ndiye atakayeona kwamba mara zote mbili kilitangulia chakula kile kile, na kati ya kula na kutapika umepita muda ule ule. Hii ndiyo alama kubwa ya ugonjwa tunaousema. Wengi hawaioni, maana mtu aliyedhurika kwa chakula huwaza kile alichokila sasa hivi, si kile cha saa mbili zilizopita. Tena ni nani atakayeushuku uji wa mchele?

Sasa tueleze asili yake. Katika vyakula mna kitu kinachojenga mwili, nacho huitwa protini. Imo kwa wingi katika maziwa, mayai, samaki, kunde na soya, hata katika mchele na mahindi imo, ingawa si nyingi. Na katika mwili wa kila mtu imo kinga, iliyo kama walinzi wa mji: adui akiingia hupigana naye, na mgeni mwema humwacha apite. Kwa watoto wengine walinzi hawa hukosa. Humwona mgeni mwema, ambaye ni chakula, wakamdhania kuwa adui, wakaanza vita ndani ya utumbo. Kosa hilo la kinga ndilo liitwalo mzio.

Mzio ambao watu wengi wameusikia ni ule wa haraka. Mtoto hula yai au karanga, na kabla ya sahani kuoshwa mwili wote umemtoka vipele vya kuwasha, midomo imevimba, hata pumzi yaweza kumbana. Huo humjulisha mtu mara moja. Mzio wa utumbo tunaousema hapa ni wa namna nyingine. Hauleti vipele wala uvimbe. Hungoja saa moja hata saa nne, na mara nyingi yapata saa mbili. Ndipo kutapika kunapoanza, na kuharisha hufuata baadaye siku ile ile, ikiwa kutafuata. Kipimo cha ngozi na cha damu, ambacho waganga hutumia kuutafuta mzio wa haraka, kwa kawaida huonyesha kwamba hakuna kitu. Basi mama akiambiwa, “Vipimo ni safi,” asidhani kuwa amekanushwa. Waganga wengi duniani huuita ugonjwa huu wa kutapika kwa herufi FPIES, nasi twaziandika hapa ili mzazi apate kuzitaja mbele ya daktari.

Si ugonjwa mpya, ila waliouchunguza ni wachache. Mwaka 1967 daktari mmoja mwanamke wa Marekani, Joyce Gryboski, aliandika habari za watoto 21 waliodhurika tumboni kwa maziwa ya ng'ombe. Mwaka 1978 daktari mwingine wa huko huko, Geraldine Powell, aliandika habari za watoto tisa walioanza kutapika na kuharisha sana tangu majuma ya kwanza ya maisha yao. Wote walikuwa wakilishwa maziwa ya kopo yaliyotengenezwa kwa maziwa ya ng'ombe. Walipobadilishiwa wakapewa yale ya soya walipata nafuu, watu wakafurahi. Lakini baada ya siku kama saba ugonjwa uliwarudia. Kumbe soya nayo iliwadhuru. Powell ndiye aliyeweka kanuni ya kuwapima: kuwaondolea chakula kinachoshukiwa mpaka wapone, kisha kuwapa tena kidogo hospitalini huku wakiangaliwa, na kuhesabu chembe nyeupe za damu kabla ya kula na baada yake.

Kwa miaka mingi waganga walidhani ni ugonjwa wa maziwa na soya tu. Baadaye wakaona kwamba nafaka nazo zimo, na mchele umo mbele. Katika Australia walikusanya habari za nchi nzima juu ya watoto 230 walio chini ya miaka miwili, wakazitangaza mwaka 2017: katika kila watoto 100, mchele uliwadhuru 45, maziwa ya ng'ombe 33, na mayai 12. Huko Italia na Hispania samaki hutajwa sana, na kule Japani mayai. Kwa hiyo kila nchi yafaa kutazama katika chungu chake yenyewe. Tena mtu asidhani kwamba ugonjwa huu umejaa kila mtaa. Waganga wale wa Australia walihesabu kama watoto 15 wapya kwa mwaka katika kila watoto 100,000 walio chini ya miaka miwili. Mwaka huo huo wa 2017 wataalamu wa nchi mbalimbali walitoa mwongozo wao wa kwanza wa pamoja wa kuutambua na kuutibu.

Hapa hatuna budi kusema neno juu ya uji wa lishe, unaopendwa sana katika miji yetu. Wanaouza unga huo hujivunia wingi wa vitu vilivyomo: mahindi, mtama, ulezi, mchele, soya, karanga, hata dagaa waliosagwa. Hatuukatai kwa mtoto aliyekwisha kuvizoea vitu hivyo. Lakini mtoto wa miezi sita akipewa mchanganyiko huo siku ya kwanza, amepewa wageni saba kwa mlango mmoja. Na akidhurika, nani atamtambua mwizi? Twaona ni afadhali kuanza na unga wa namna moja, siku mbili tatu, kisha kuongeza wa pili. Kazi yake ni ndogo, na faida yake utaiona siku ya taabu. Wala msikawie kumpa mtoto vyakula vingine kwa hofu ya ugonjwa huu. Kuchelewesha vyakula kupita miezi sita hakumlindi mtoto na mzio, bali humpunguzia damu na nguvu.

Siku ya kutapika yenyewe, mambo ni haya. Mtoto aliyetapika mara moja mbili, lakini angali akitazama watu na kushika vitu, aendelee kunyonya kidogo kidogo, apewe na maji ya chumvi na sukari yale ya pakiti, yaliyochanganywa na maji safi kiasi kilichoandikwa juu yake, kijiko kidogo kimoja kila baada ya dakika moja au mbili. Asiye na pakiti na achukue lita moja ya maji safi, atie vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, asizidishe chumvi. Lakini mtoto aliyelegea, aliyepauka, anayelala asiamke vizuri, aliye na mikono na miguu ya baridi, au anayetapika bila kukoma, huyo apelekwe hospitali saa ile ile. Msimngoje baba arudi kazini, wala msimngoje mwenye mizizi. Kupungukiwa maji kwa mtoto wa miezi sita si kama kwa mtu mzima. Damu hukosa nguvu ya kuzunguka mwilini, naye aweza kufa. Huko atatiwa dripu, na huenda akapewa dawa ya kuzuia kutapika iitwayo ondansetroni. Sindano ya adrenalini, ambayo huokoa watu katika mzio wa haraka, si dawa kuu ya huu.

Mkifika, mwambieni daktari saa. Semeni, “Alikula uji wa mchele bakuli moja saa tatu, alianza kutapika saa tano, na juma lililopita ilikuwa vivyo hivyo.” Maneno hayo machache yana nguvu kuliko kilio cha saa nzima. Afadhali zaidi yaandikeni nyuma ya kadi ya kliniki, ya siku ya kwanza na ya siku ya pili: alikula nini, kiasi gani, saa ngapi, na yaliyofuata. Hata hivyo msimfungie daktari njia kwa kusema, “Ni mzio, tumesoma gazetini.” Kutapika kuna sababu nyingi, na zilizo nyingi zaidi ni zile za kawaida, yaani malaria, vidudu vya tumbo, maji machafu. Mwacheni ampime malaria. Mtoto akitapika nyongo ya kijani, au tumbo likavimba na kuwa gumu, au akilia kwa vipindi huku akikunja miguu, huenda utumbo umejikunja au kujiingiza ndani yake wenyewe, na hiyo ni kazi ya daktari wa kupasua, tena upesi. Na homa kali pamoja na kutapika ni alama ya kutafuta ugonjwa mwingine, si chakula.

Iko namna ya pili ya mzio huu wa utumbo, iliyo nyepesi zaidi, nayo huwaogofya wazazi kuliko ile ya kwanza kwa sababu ya damu. Mtoto wa mwezi mmoja au miwili, anayenyonya vizuri, mnene, mchangamfu, aonekana ana nyuzi za damu na ute katika choo chake. Mara nyingi sababu ni protini ya maziwa ya ng'ombe, ambayo mtoto huipata katika maziwa ya kopo, au huipata kidogo katika ziwa la mama anayekunywa maziwa hayo. Hapo watu husema maneno mabaya sana: “Ziwa lake ni baya, mwachishe.” Twaomba neno hili liishe katika nyumba za wasomaji wetu. Ziwa la mama si baya. Mtoto huyu aendelee kunyonya. Ikiwa daktari ameona yafaa, mama ndiye atakayeacha maziwa ya ng'ombe na vyote vilivyotengenezwa kwa maziwa hayo, kwa majuma mawili hata manne, na chai yake anywe ya rangi.

Lakini kazi haikwishia hapo, na hili wengi hulisahau. Damu ikikoma, mama ayarudie maziwa, aone kama damu itarudi. Isiporudi, basi haikuwa maziwa, naye hana sababu ya kujinyima. Kule Finland, mwaka 2006, waganga walitangaza habari za watoto 40 waliokuwa wakitoka damu namna hii. Walipowapima sawasawa kwa kuwaondolea maziwa na kuwarudishia, ni saba tu waliokuwa na mzio wa maziwa ya ng'ombe. Waliosalia, damu yao ilikoma bila jambo kubwa. Twawaza ni akina mama wangapi duniani wanaoacha maziwa, mayai, samaki na kunde mwaka mzima, wakakonda wao na mtoto mgongoni, kwa damu ambayo ingekoma yenyewe. Bila shaka damu nyingi, au damu pamoja na homa, au mtoto anayelegea, ni jambo jingine. Huyo ni wa hospitali.

Namna ya tatu huja polepole, nayo ndiyo iliyovunja nyumba nyingine. Mtoto aliyeanzishwa maziwa ya ng'ombe huharisha majuma kwa majuma, tumbo hutuna, mapaja hukonda, uzito katika kadi hushuka mwezi baada ya mwezi. Ndani ya utumbo zile nyuzi ndogo zinazofyonza chakula zimeharibika, basi hula na kula, chakula hupita bure. Wasomaji wetu wanajua jina atakalopewa mtoto huyu katika vijiji vingi: watasema amebemendwa. Maana yake ni kwamba baba na mama hawakujizuia wakati mtoto angali ananyonya, au mmoja wao alikwenda nje ya ndoa, na dhambi yao imemrudia mtoto. Hatutaki kuwacheka wazee waliotutangulia. Waliona mtoto anakauka, wakatafuta sababu kwa akili waliyokuwa nayo. Lakini neno hili limewafanya akina mama wengi waone haya kumpeleka mtoto kliniki, wasije wakatazamwa na watu, na mtoto akaendelea kukauka ndani. Kukauka kwa mtoto kuna sababu zake, kama njaa, kifua kikuu, minyoo, kuharisha kusikokoma, na pengine chakula kisichopatana na utumbo wake. Zote hupimwa. Aliyemwita mwenzake mzinzi kwa sababu ya mapaja ya mtoto amemsingizia.

Jamaa ya ugonjwa huu ni ule wa ngano, ambao si mzio hasa, na tofauti na huu humkaa mtu maisha yake yote. Daktari Willem Dicke wa Uholanzi alikuwa ameanza kabla ya vita kuwalisha watoto wake wa hospitali bila ngano. Majira ya baridi ya mwaka 1944 na 1945 nchi yake ilipatwa na njaa kubwa, mkate ukaadimika, naye akazidi kusadiki kwamba ngano ndiyo iliyokuwa ikiwadhuru. Aliyaeleza mambo hayo katika kitabu chake cha uchunguzi, mwaka 1950. Kabla ya hapo watoto hao walipewa kila namna ya chakula cha wagonjwa, wala sababu haikujulikana, maana nani angeushuku mkate?

Turudi kwa mama yetu wa kwanza. Daktari amekubali kwamba mchele ndio uliomdhuru mtoto. Sasa atampa nini? Hapa twasema kwa furaha kwamba nchi zetu zina baraka ya vyakula vingi. Watoto wengi wenye ugonjwa huu hudhurika kwa chakula kimoja tu. Asiyepatana na mchele apewe ndizi zilizopondwa, viazi vitamu, mihogo mizuri iliyopikwa vema, maboga, maparachichi, maharagwe yaliyochujwa, nyama iliyosagwa. Na nafaka nyingine apewe moja moja kwa shauri la daktari, kwa sababu huenda nayo ikamdhuru. Asiyepatana na maziwa ya ng'ombe, na aendelee kunyonya. Msidanganyike na maziwa ya mbuzi. Protini zake zafanana mno na za ng'ombe, hata watoto walio wengi wenye mzio wa hili hudhurika na lile. Wala kuyachemsha sana hakuondoi neno. Mtoto mchanga asiyenyonya, ambaye mama yake amefariki au ni mgonjwa, ndiye mwenye shida kubwa, maana yako maziwa ya kopo ambayo protini yake imekatwakatwa iwe vipande vidogo visivyojulikana na kinga, lakini bei yake ni kali. Mwenye mtoto wa namna hiyo asijitungie maziwa yake nyumbani, bali aende akaombe shauri.

Na sasa jambo la nyumbani. Mara nyingi adui wa mtoto huyu ni mtu anayempenda. Bibi yake huja kumtazama, aona mjukuu haruhusiwi wali siku ya sikukuu, amwambia mkwewe, “Mwanangu, mimi nimewalea tisa kwa uji huu huu. Hebu nimpe kijiko kimoja, muone kama atakufa.” Mama kijana afanyeje? Kumjibu mkwewe kwa ukali ni aibu, na kunyamaza ni hatari. Twashauri hivi: baba wa mtoto ndiye aseme, tena aseme mapema, kabla ya sikukuu, akae na mama yake faraghani. Amsimulie siku ile mtoto alivyolegea mikononi mwao. Amwambie, “Mama, daktari amesema mchele humdhuru kwa sasa. Twakuomba wewe ndiwe uwe mlinzi wake, uwazuie wengine wasimwonjeshe.” Bibi aliyepewa ulinzi hatakuwa mwizi. Kadhalika yaya aambiwe, na mwalimu wa watoto wadogo, na jirani mwenye mkono mwepesi wa kugawa andazi lililokandwa kwa maziwa.

Tulisema “kwa sasa,” nasi hatukusema kwa kuwafariji tu. Ugonjwa huu, kwa watoto walio wengi, hupita. Katika Israel waganga waliwafuata watoto 13,019 tangu kuzaliwa; waliokuwa na mzio wa kutapika kwa maziwa ya ng'ombe walikuwa 44, na walipofikia miaka mitatu, tisa katika kila kumi walikuwa wamekwisha kupona. Mzio wa mchele na nafaka nyingine pengine hukawia zaidi, walakini wengi wao nao huwa wameuacha kabla ya kwenda shule. Ule wa damu katika choo huisha mapema, mara nyingi kabla ya mwaka kutimia.

Lakini haitambulikani kwa kumtazama usoni kwamba amepona. Ni lazima ajaribiwe, na ajaribiwe hospitalini, si jikoni kwa siri. Daktari ataweka siku, yapata mwaka mmoja au zaidi tangu mara ya mwisho alipodhurika. Mtoto atapelekwa asubuhi akiwa mzima, asiwe na mafua wala homa. Dripu na dawa zitakuwa tayari karibu. Mama atauleta uji alioupika mwenyewe nyumbani, maana mtoto haupendi wa mtu mwingine. Atapewa kiasi kidogo alichopimiwa, saa tatu. Kisha ni kungoja, muda wa saa nne hata sita. Mama hutazama saa ya ukutani, baba hutoka nje na kurudi, mtoto huchezea kofia ya mwuguzi. Saa nne hupita. Saa tano, ile saa ya zamani, hufika, na mama huuweka mkono wake juu ya tumbo la mwanawe. Saa sita hupita, na saa saba. Naye mtoto avuta bakuli, atazama ndani, auliza kama uji umekwisha.